Fundi Aliyeuma Bisibisi

"Nifungeni macho, nizibeni masikio, mkipenda nizibeni na pua. Mniachie hivi vidole kumi tu, na kabureta yoyote ya hapa uwanjani itaimba."

Shemeji aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wasiopungua mia tatu, siku ya mashindano ya kwanza kabisa ya pikipiki pale machimbo ya kokoto. Hakuna aliyemwomba aseme. Kipaza sauti kilikuwa kinazungushwa kumtafuta mwenye gari lililoziba njia, kikapita jirani na mdomo wake, naye akakiona kama mtu aonavyo kiti kitupu.

Watu wakamfunga kweli. Dada yangu, yaani mkewe, alitoa kitambaa chake cha kichwani. Wakamwekea kabureta mezani na jeti tatu kwenye sahani, wakamwambia aitafute namba mia sitini na kuifunga. Jeti, kwa asiyeijua, ni kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, chenye tundu katikati, na petroli hupita humo. Tundu likiwa kubwa, injini inakunywa kupita kiasi, inakohoa na kutoa moshi kama shangazi anayejifunza sigara. Likiwa dogo, injini inakimbia ajabu kwa dakika chache, kisha pistoni inanasa, na dereva anaendelea na safari peke yake. Namba imechongwa usoni pa jeti, ndogo kuliko maandishi ya chini kabisa kwenye mkataba wa bima. Shemeji aliisoma kwa ukucha wa kidole gumba. Alimaliza kila kitu kwa dakika nne. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Uwanjani akawa Vidole.

Kazi yake ilikuwa zile pikipiki za mbio zenye magurudumu manne. Pale machimboni wanaziita mbuzi, kwa sababu zina miguu minne na zinapiga kelele bila kuulizwa. Injini zake ni zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na hazina subira. Baridi ikiongezeka kidogo asubuhi, jeti ya jana haifai tena. Kwa hiyo kila Jumamosi madereva walimpangia foleni Shemeji. Alikuwa anachomoa plagi, anaitazama ncha yake, na anatoa hukumu. Nyeusi na mbichi: punguza jeti. Nyeupe kama mfupa: ongeza haraka kabla hujazikwa. Rangi ya bahasha ya kaki: nenda, na usimwambie mtu siri yangu.

Karakana yake ni chumba cha nyuma ya nyumba, dirisha moja, na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Tundu la ufunguo bado lipo katikati ya meza. Jeti zimewahi kutumbukia humo mara nyingi, hata chini yake akaweka kikombe cha bati. Mimi ninalala sebuleni kwao tangu mimi na chuo tulipoachana, uamuzi ambao chuo kiliufikia kwanza, kwa hiyo mengi niliyaona nikiwa nimejilaza.

Kwa miaka ishirini na mbili aliosha kabureta kwa petroli, mikono mitupu. Akimaliza kuosha, alishika usukani wa mbuzi unaotetemeka ili kusikiliza injini kwa viganja. Hakuvaa glavu. Alisema kuvaa glavu ni sawa na kula pipi na ganda lake.

Jioni moja Dada aliipua sufuria jikoni, akaiweka mezani, akarudi kuchukua kijiko. Shemeji akaivuta sufuria karibu yake kwa mkono mtupu. Tukasikia harufu.

"Baba Pacha," Dada alisema, maana wana mabinti pacha walioko shule ya bweni, "mkono wako unaungua."

Shemeji aliutazama mkono kama mtu anayeangalia mgeni aliyekuja bila taarifa. Kisha akauondoa, taratibu.

"Kumbe," akasema. Akauliza kama chumvi ipo.

Dada anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, anajua korido zote na anajua nani anaanza kuona wagonjwa saa ngapi. Wiki hiyohiyo akamburuta kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari akamwambia afumbe macho, akatoa pini.

"Unahisi?"

"Nahisi."

"Bado sijachoma."

Huo ndio ulikuwa uchunguzi. Daktari akaeleza kwamba neva za vidole zimekufa ganzi, kwa mtetemo na kwa petroli. Akasema ziko dawa za kujaribu, za muda mrefu na za bei kubwa, na kwamba jambo la kwanza ni kuacha kazi hiyo. Shemeji akasema, "Sawa." Alilisema kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Njiani Dada alilia, yeye akambebea mkoba.

Nilidhani atavunja kitu, au atalewa angalau. Kama ningepewa mimi habari hiyo, mtaa mzima ungejua. Shemeji alikwenda nyuma, akakaa mbele ya ule mlango ulio meza, akapanga jeti zake kwa namba mpaka chakula kilipoiva. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema, "Sijisikii." Alimaanisha hivyohivyo, neno kwa neno.

Tatizo kubwa lilikuwa skrubu ya hewa. Hiyo unaikaza mpaka iguse tu, iguse kama kope inavyogusa shavu, halafu unairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu. Ukipitiliza kukaza, ncha yake inapindika na kabureta imeharibika. Shemeji alipinda ncha mbili kwa wiki moja. Ya tatu akagundua njia: akawa anainama, anauma mpini wa bisibisi kwa meno ya mbele, na anaizungusha kwa vidole vyake visivyojua kitu. Skrubu ikigusa, jino linapata habari. Namba za jeti nazo akawa anazisoma kwa ncha ya ulimi.

Hakumwambia mtu. Watu wakaona ni mtindo mpya. Vidole anauma bisibisi, na mbuzi za Vidole zinashinda. Basi baada ya miezi miwili nusu ya mafundi wa machimboni walikuwa wanauma bisibisi. Hakuna aliyejua kwa nini. Mmoja, fundi mnene wa kambi ya upande wa pili, aliuma kwa imani kubwa mno mpaka akapasua jino. Bado akasema anasikia tofauti kwenye injini.

"Umewaambukiza, Shemeji," nilimwambia.

"Waache. Wakati meno yao yana kazi, hawanisengenyi."

Hicho ndicho kicheko pekee nilichokipata kwake mwaka ule, na kilikuwa changu, yeye hakucheka.

Kisha akaja Kokoto. Kokoto ndiye mwenye machimbo, mzee mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, na ana timu ya mbuzi sita. Alikaa kwenye kiti changu cha kulalia, akanywa chai yetu, akasema anataka fundi mkuu. Mshahara wa kila mwezi, na bima ya matibabu ya familia nzima. Mashindano yanatimiza miaka kumi, wadhamini wanakuja, naye amemkumbuka yule bwana wa kipaza sauti.

"Utalirudia lile jambo lako la kufungwa macho, fundi. Pale mbele ya wadhamini. Ukimaliza, natangaza ajira hapohapo."

"Sawa," Shemeji akasema.

Kokoto alipoondoka, Dada alifunga mlango na kuuegemea.

"Bima hiyo ndiyo dawa yako, Baba Pacha. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia sina vidole, ataniajiri kwa lipi?"

"Kwa kichwa! Fundi mkuu si mtu wa kuamua namba? Wengine watafunga. Mpigie sasa hivi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla ya siku."

Nilijaribu kuwaonyesha utamu wa jambo lenyewe: kwamba mtu anatakiwa athibitishe vidole vyake ni vizima ili apate bima ya kuvitibu kwa sababu ni vibovu. Dada alinirushia mto. Aliuliza tena Jumatatu, akauliza Jumatano. Alhamisi aliacha kuuliza, akakifua kile kitambaa chake cha kichwani na kukipiga pasi. Shemeji aliniambia pembeni, bila kuulizwa, kwamba ana meno na ana ulimi, na macho yakifungwa mdomo unabaki wazi. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Ilikosea kitu kimoja tu, kwamba aliyetoa ile ahadi ya vidole kumi tu ni yeye mwenyewe.

Siku ikafika. Meza, kitambaa cheupe, kabureta imelazwa chali, sahani yenye jeti tatu. Wadhamini walikaa mstari wa mbele na chupa za maji. Dada alimfunga macho. Shemeji akainama, akapeleka mpini wa bisibisi mdomoni, na hapo hapo yule fundi mnene wa jino lililopasuka akapaza sauti kutoka nyuma:

"Bila meno! Yeye si alisema vidole?"

"Vidole! Vidole!" watu wakadakia. Walikuwa wanafurahi tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hata yule mnene.

Kokoto akacheka kwenye kipaza sauti. "Umesikia, fundi. Wananchi wanataka vidole vyako kumi."

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Kipaza sauti kilikuwa hatua mbili kutoka mdomoni pake, na mdomo huo huo uliwahi kukidandia bila kualikwa.

"Sawa," akasema.

Akachukua jeti. Ukucha ukapita juu ya namba mara tatu, mara nne. Uso wake haukubadilika. Akairudisha, akachukua nyingine, akaipitia vilevile, akabaki nayo; mimi najua alikuwa anabahatisha. Akaipachika kwenye ncha ya bisibisi na kuielekeza kwenye tundu lake ndani ya kabureta. Jeti ikateleza. Iliangukia kitambaa bila sauti, ikabingirika hadi ukingoni, ikadondoka kwenye changarawe.

Yeye akaendelea kuzungusha.

Alizungusha mizunguko sita au saba, kwa adabu ileile ya mtu anayekaza jeti ya kweli, na mwishoni akaongeza ile robo ya mwisho, polepole, asije akaikaza kupita kiasi.

"Imeingia," akasema.

Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Dada alitoka kwenye umati, akainama, akaiokota jeti, akaipangusa kwa kidole, akakishika kiganja cha mumewe na kuiweka katikati.

"Shika," alimwambia.

"Nishike nini?"

"Umeshaishika."

Shemeji akakifungua kitambaa cha macho mwenyewe. Akaitazama jeti kiganjani, akatutazama, akatazama ncha ya bisibisi. Nilisubiri. Yule mnene alikuwa ameinamisha kichwa. Shemeji alikikunja kile kitambaa mara mbili, kikakaa sawa kona kwa kona, akampa mkewe.

Kokoto alimfuata nyuma ya hema, kipaza sauti kikiwa kimezimwa safari hii.

"Ungeniambia, fundi. Mimi nilikuwa nataka kichwa chako. Vidole ninavyo, nina vijana wanane na wote wana vidole."

"Sawa."

"Sasa wadhamini wameona. Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu."

"Hata kukasirika hukasiriki?"

Shemeji alifikiri swali hilo kwa dhati. "Hasira bado haijafika," akasema.

Nyumbani Dada alipika, tukala. Alimwekea chakula kwenye sahani ya mbao, isiyoshika moto. Hakuna aliyetaja vidole, wala mimi, ambaye kwa kawaida hunyamaza tu nikiwa natafuna. Jumatatu Shemeji alikitoa kile kikombe cha bati chini ya tundu la ufunguo, akakiosha, akakirudisha kabatini pamoja na vikombe vingine.

Sasa anauza vipuri, duka la kona, nyuma ya kaunta ya kioo. Jeti amezipanga kwenye droo ndogo, na anazichukua kwa kibano cha nyusi cha Dada. Bima ya duka inamhusu yeye tu, na haigusi neva.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama pale naomba nauli, akaingia yule fundi mnene. Jino bado halijazibwa. Alizungukazunguka, akashika vitu asivyovihitaji, mwishowe akasogea kaunta.

"Vidole, shikamoo."

Wana umri mmoja. Shemeji akaitikia hata hivyo.

"Nimekuja kwa jeti. Huwa naweka mia hamsini na tano."

"Kesho mnaanza saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Kutakuwa na baridi. Hiyo itakunasishia pistoni. Weka mia sitini, ukishakimbia mzunguko mmoja chomoa plagi. Ikiwa rangi ya kaki, usiguse kitu."

"Na skrubu ya hewa?"

"Mmoja na nusu. Kwa vidole, usiume."

Yule mnene akaangalia chini. Nadhani hakuja kwa jeti tu, lakini aliingiza mkono mfukoni kutafuta pesa. Shemeji alifungua droo, akaitoa jeti kwa kibano, akaiweka juu ya kioo. Ililia kidogo ilipogusa.

"Sasa," mnene akasema, "hii ni kiasi gani?"

"Elfu mbili na mia tano."