Shukrani Zilizomzika Mama Mkwe

Naona aibu kusimulia, lakini bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko wale wa sokoni Mbinga, maana wao wameshaongeza na jeneza.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu maneno ya Kimatengo ya kilimo cha ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani, na kila neno nililipata kwa jasho, napanda na kushuka vilima vya Mapera nyuma ya mama mkwe wangu, yeye na jembe, mimi na simu ya kurekodia. Ukabaki ukurasa wa shukrani tu. Nimechoka, watu wa steshenari wananisubiri, nikajiambia shukrani nani anasoma, nikachukua za mtu mtandaoni, nikabadilisha jina la msimamizi, basi (hata kuzisoma mpaka mwisho sikuzisoma, mimi ninayewaadhibu wanafunzi kwa kuangaliziana!).

Siku ya kuwashukuru wanakijiji, ukumbi wa parokia umejaa, Dokta, msimamizi wangu, katoka Songea, mama mkwe kakaa mbele na kitenge kipya. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuombwa na mtu, akafungua tasnifu akasoma kwa sauti ya kampeni: "Kwa namna ya pekee namshukuru marehemu mama mkwe wangu. Raha ya milele umpe, ee Bwana!"

Ukumbi mzima ukaitikia kwa mazoea, "Na mwanga wa milele umwangazie!" Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni mama mkwe. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, una mama mkwe mwingine?"

Jamani! Nikisema yupo, ndoa imekwisha. Nikisema hayupo, nimemuua. Nikasema kweli, nimenakili. Dokta akavua miwani.

"Kama shukrani umeiba, hayo maneno ya ngoro nitajuaje si ya wizi?"

Yaani jasho langu lote hakuna aliyelijali, wamekazania ukurasa mmoja! Shahada ikasimamishwa mpaka mama mkwe aende Songea kuthibitisha kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Nikamfuata na sukari, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe marehemu nao husalimiwa?"

Nikamweleza shida yangu. Akaendelea kuchambua maharage.

"Mwanangu, marehemu hatoi ushahidi."

Sinakili tena, hata salamu za Krismasi. Wenzangu wameshavaa majoho. Mimi kila Jumapili baada ya misa nipo jikoni kwake, namsomea shukrani mpya nilizoandika mwenyewe, na kila mara ananiambia bado hazijamfufua.