Hatua Elfu Nne za Mzee Mwashi

Watu walimbandika jina la Mama Futi, likamganda kama gundi. Miaka ishirini na mbili alikuwa ameshika futi kamba kwa wapima viwanja. Sasa watafiti walimwajiri kupima mtaa: upana wa njia za miguu, kimo cha ngazi, umbali wa kutoka mlangoni hadi benchi la karibu. Walitaka kujua jinsi mtaa ulivyojengwa unavyowasaidia au kuwaumiza wanaozeekea humo. Wazee thelathini wakafungwa kiunoni kidude cha kuhesabu hatua.

Aliyewashinda wote ni mwashi mstaafu wa miaka sabini na tisa: hatua elfu nne kila siku, iwe mvua, liwe jua. Msimamizi ofisini alifurahi mno.

"Mtaa ule hauna neno. Andika unawafaa wazee."

Mama Futi hakuandika. Mbele ya nyumba ya mwashi alikuwa amepima mtaro wazi, upana sentimita sabini na nane. Vifuniko viling'olewa ili uzibuliwe, visirudishwe. Hata kijana huuruka kwa kukaza roho. Mzee alivukaje?

Akaenda, akapiga hodi.

"Karibu, mlango uko wazi."

Alimkuta mzee chumbani, kiganja ukutani, anatembea. Kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani. Sakafu ya saruji, aliyoisakafia kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa imeng'aa mstari mmoja tu.

"Shikamoo, baba. Unafanya nini?"

"Marahaba, binti yangu. Nafanya kazi yenu. Si mlitaka hatua?"

"Tulitaka za nje."

"Nje!" Mzee akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Mara ya mwisho nilitoka miezi minane iliyopita, kumzika jirani yangu. Kurudi, nikatumbukia mtaroni. Mkamwana akanitoa, akasema, baba, kaa ndani, ukivunjika mguu mimi naacha kazi. Ana haki yake. Mlipoleta hiki kidude nikasema, mgeni haaibishwi."

Mama Futi alikaa pembeni mwa kitanda. Miezi minane mzee alikuwa humu ndani, na yeye alipita pale mbele mara sita, macho kwenye namba.

Kesho yake alimweleza msimamizi yote.

"Basi tumwondoe," msimamizi akasema. "Anatuharibia hesabu."

"Na vifuniko?"

"Mama, sisi tunapima tu."

Mama Futi akakataa kutia sahihi fomu ya mtaa ule. Akaitia mfanyakazi mwingine. Mkataba wake ulipokwisha, hakuitwa tena.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kukichukua kile kidude. Mzee alikivua taratibu, akauliza, "Nilishindwa?"

"Hukushindwa, baba. Sisi ndio hatukukuona."

Jumamosi moja alirudi, seremala nyuma yake amebeba mbao mbili nene. Wakazilaza juu ya mtaro. Mzee akavaa viatu, akamshika Mama Futi kiwiko, akaweka mguu mmoja ubaoni. Ubao ukalia. Pikipiki ikapita kwa kasi; mzee akaurudisha mguu, vidole vikimng'ang'ania mwenzake hadi kumwumiza.

"Leo basi, binti yangu," alisema akihema. "Ukuta wa ndani angalau naujua."

Mama Futi hakumvuta. Wakasimama mlangoni wote wawili, wakitazama ng'ambo ya barabara, watu wakipita.