Shuka Isiyochuja

Miaka ya sabini niliuza shuka nyekundu na za bluu mnadani Karatu, na kila mteja nilimwapia kwamba hazichuji. Siku moja mama wa Kimasai kutoka Ngorongoro alinirudishia ya kwake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kisha akachomoa unyoya wa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa ziwani kule kreta.

"Huu nimeufua kwa sabuni. Mbona wenyewe hauchuji?"

"Yeyo, ndege hapakwi rangi, anaila," nikasema, nikimwita mama kwa Kimasai, maana dereva mmoja wa watalii alishanieleza. "Majini mna mwani na vidudu vyenye wekundu ndani yake. Akivila, wekundu unaingia kwenye manyoya. Kifaranga chake ni cha kijivu. Hata mkubwa akikosa chakula hicho, manyoya mapya yanaota yamepauka."

Nikajiona nimeshinda kesi.

"Kumbe," akasema. "Sasa shuka yangu ilikosa chakula gani?"

Mnada mzima ulilipuka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka hadi nikashika mbavu, nikampa shuka nyingine nyekundu bure, jambo ambalo si kawaida yangu.

Hakuondoka. Aliichovya ile mpya kwenye ndoo ya maji ya jirani yangu muuza vitunguu, akanigeuza kama mbuzi wa kununua, akanisugua nayo mgongoni, juu ya shati langu jeupe. Akarudi nyuma kunitazama: mgongo wa shati ulikuwa wa waridi kama heroe.

"Huyu naye amekula!" akawatangazia watu. Akanirudishia shuka, akachagua ya bluu.