Chupa Sita za Dawa ya Nyoka

Kwa miaka kumi na minane Koleo aliamka, akanywa chai, akaenda kazini kuwashika nyoka shingo. Jina alipewa na wenzake, kwa sababu gumba lake likishakutana na kidole cha shahada nyuma ya kichwa cha kifutu, halikuachia mpaka tone la mwisho la sumu lidondoke kwenye glasi. Sumu ile farasi walidungwa kidogo kidogo, na damu yao ndiyo iliyotoa dawa ya watu walioumwa.

"Kifutu ana adabu," alipenda kusema. "Hupuliza kwanza. Binadamu haonyi."

Mdogo wake aliosha vyombo vya maabara chumba cha pili. Walikuwa tumbo moja, ila Koleo alikuwa mkimya na mdogo hakuishiwa maswali.

"Dada, hiyo sumu hasa ni nini?"

"Protini. Kama ya nyama, kama ya yai."

"Mbona yai haliui?"

Koleo akamvua mkufu wake wa shanga, akaukunjakunja kiganjani. Protini ni mnyororo, akamweleza, na kazi yake inatokana na ulivyojikunja. Ukijikunja hivi, unabeba hewa kwenye damu. Ukijikunja vile, unakuwa mkasi wa kukata kuta za mishipa. Dawa nayo ni protini, ila umbo lake linaingiana na la mkasi, inaung'ang'ania usikate tena. Ikichemka, mkunjo unafumuka. Shanga zote zipo, kazi hakuna. Ndiyo maana dawa hukaa kwenye friji.

Wakati huo mdogo alikuwa na miezi mitatu nyumbani kwa Koleo, akimkimbia mume aliyemvunja taya kwa mchi.

Asubuhi moja, saa nne hivi, mume yule alimdanganya mlinzi kwamba ameleta mzigo. Ndani ya gunia mlikuwa na panga.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Shemeji, weka panga chini. Humu kuna nyoka."

"Nyoka ni wewe!"

Pigo la kwanza lilipasua sanduku la kioo. La pili lilimpata Koleo chini ya kiwiko, mfupa ukaonekana mweupe, kisha damu ikaufunika. Alikamata fimbo ya kukamatia nyoka kwa mkono wa kushoto, akamchapa mdomoni. Meno yalidondoka. Shemeji akayumba, akarudi nyuma juu ya vigae vilivyojaa damu na vioo, akamkanyaga kifutu aliyetoka sandukuni. Kifutu akamzamisha meno kwenye shavu la mguu.

Shemeji alimkata nyoka vipande vitatu. Kisha akageuka kumfuata mkewe, aliyekuwa mlangoni. Koleo alimpiga kisogoni mara mbili, mara ya tatu akaanguka.

Muuguzi wa kituo alifika mbio, akaufunga mkono wa Koleo kwa mshipi. Mguu wa shemeji ulikuwa umeshavimba kama gogo, ngozi inabadilika rangi, damu inachuruzika kwenye fizi bila kukoma. Alikuwa akimwita mama yake.

"Dawa," Koleo akasema. "Chupa zote kumi."

Friji ilikuwa chumba cha vyombo, kando ya sufuria ya maji yanayochemka. Mdogo aliifungua. Alivunja shingo ya chupa ya kwanza, akaimimina ndani ya sufuria. Ya pili. Ya tatu. Nyuzi nyeupe zikaanza kuelea, kama ute wa yai uliomwagwa kwenye mchuzi.

"Unafanya nini?"

"Ulinifundisha mwenyewe. Ikichemka imekufa."

Alikuwa amemaliza ya sita Koleo alipomfikia kwa kuburuta miguu. Alimpiga ngumi ya mkono mzima, kwa nguvu zote alizobaki nazo, kwenye taya lile lile. Mdogo akaanguka bila kulia. Koleo akachukua chupa nne, akampelekea muuguzi.

Nne zilimfikisha shemeji hospitali akiwa hai. Mguu ulikatwa juu ya goti, na alipopona akafungwa miaka kumi na miwili. Kano za Koleo hazikuungana vizuri. Gumba halifiki tena kwenye kidole. Sasa anawafundisha wageni kushika nyoka, akielekeza kwa mdomo. Ukimuuliza juu ya mkono, atakujibu. Ukimuuliza juu ya ngumi ile, anainuka kwenda kutazama masanduku.

Mdogo alihama, miaka miwili hawakusemezana. Mwaka wa tatu akabisha hodi bila taarifa.

"Kumi zote ningezimwaga, Dada."

"Najua."

"Na wewe ungempa zote."

"Ningempa. Ingia, mvua hiyo."

Hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi. Lakini kila mwisho wa mwezi mdogo huja, hulala siku mbili, na hugombana na dada yake kuhusu chumvi.