Daku Langu na Mashine ya Mionzi

Jamani, leo nacheka kwa kuwa pumzi ya kuchekea ninayo, lakini siku ile pale hospitali Dar ningeona shimo ningejifukia mwenyewe. Mnanijua, mimi ndiye muadhini wa kijiji cha Njinjo, na Ramadhani ikiingia ni sauti yangu inayowatoa vitandani, "Daku, daku, amkeni mle!", kwa hiyo kama yupo kiumbe asiyehitaji kufundishwa kufunga ni mimi (ndivyo nilivyojiona).

Uvimbe ulinitokea pafuni, nikawa nafika katikati ya adhana naishia kukohoa, watu wanasimama msikitini wananisubiri, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari, binti mpole, akanieleza matibabu vizuri tu: unadungwa sindano ya sukari yenye mionzi, uvimbe kwa ulafi wake unaidaka, unang'aa, na mashine inaufuata mng'ao huo papo hapo, ukipumua uvimbe ukasogea nayo haiupotezi, inauchoma wenyewe na kuiacha nyama nzima iliyo jirani. Mwisho akasema, "Babu, kesho uje umefunga."

Mimi huyo kuambiwa nifunge! Nilikuwa nimefikia Mbagala kwa dada yangu Somoe, nikamwagiza daku la heshima, naye mkono wake si wa kubania: uji wa mchele na sukari, tende, mihogo ya nazi, chai. Nikala, nikatia nia, nikaenda naye hospitali mdomo mkavu kama mcha Mungu.

Nesi akanitoboa kidole, akakunja uso. "Shikamoo babu, umekula?"

"Marahaba. Nimefunga."

"Sukari iko juu sana, babu."

"Basi kidude chako kibovu!"

Akapima tena, ikawa vilevile, na hapo ndipo nilipoharibu, maana badala ya kunyamaza nilisimama katikati ya wagonjwa, kofia imekwenda upande, nikaapa wallahi billahi kwamba tangu alfajiri hata tone la maji halijapita, nikaingia kwenye hotuba ya dhambi ya kumsingizia aliyefunga, na watu wakanipokea ("Jamani, mzee wa watu kafunga!"), mpaka daktari akatoka ofisini.

"Babu, mara ya mwisho ulikula nini?"

"Daku!" nikajibu kwa fahari. "Sasa mtu afunge bila daku? Daku ni sunna!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, na Somoe wangu kule kwenye benchi akamalizia, "Na uji alirudia bakuli la pili!"

Daktari alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanikalisha, akanieleza. Ukishiba, sukari ya sindano inakimbilia kwenye misuli, uvimbe haung'ai sawasawa, na mashine itafuata nini? Nikaogopa kwelikweli. Sindano yangu ilikwisha andaliwa, nayo haiwekwi akiba, inafifia. Nikamwuliza kama nimeitupa nafasi yangu.

"Hujaitupa. Utapangiwa siku nyingine. Ila safari hii usile usiku kucha, na maji ni ruhusa."

Siku niliyopangiwa ilipofika nilikwenda na njaa ya kweli, maji nikayanywa nikiangalia huku na huku kama mwizi (nimefunga, nakunywa!), nikalala mle kwenye mashine kimya. Nikatoka, daktari akanionyesha picha: pafu zima giza, na pale ilipo shari, nukta moja inawaka. "Tumeupata hapohapo, babu." Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nesi naye akaitikia.

Matibabu yakaisha, picha ya mwisho ikatoka, ile nukta haipo. Haipo!

Tangu hapo, daktari akiniambia nifunge namwuliza kwanza: funga ya dini au ya mashine? Na Ramadhani hii, usiku wa kwanza, nilishika kipaza sauti nikaita daku kwa pumzi moja, sikukohoa hata kidogo, mpaka jirani akafungua dirisha, "Kula ushibe, muadhini, leo huna mashine!" Kijiji kizima kikacheka gizani, nami nikavuta pumzi, nikaita tena, ndefu kuliko ya kwanza.