Posa Yangu na Sharubu za Samaki

Mnicheke tu, msijibane. Mjini hapa wameshanicheka wenye akili na wasio nazo, kuanzia Kijenge ninakokaa mpaka Sekei kwa wakwe (niwaite wakwe, nani atanizuia), na kuna kaka mmoja wa kibanda cha chipsi, akiniona tu anapandisha kiganja taratibu hadi juu ya kichwa, kama samaki anayepanda kutafuta hewa, halafu anauliza kwa sauti watu wote wasikie, "Unasalimia au unaaga?" Basi leo nasimulia mwenyewe, maana nimechoka kusikia aibu yangu ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, tena wanaikosea.

Binti ninayetaka kumuoa anaitwa Upendo, anafundisha Babati. Baba yake ni mwalimu wa hesabu mstaafu, Mmeru wa huko juu Akeri aliyejenga Sekei, na badala ya kufuga ng'ombe wa maziwa kama wanaume wenzake, yeye anafuga samaki wa kutazama. Jamani, wa kutazama! Ukiingia sebuleni kwake televisheni imesukumwa kwenye kona, na pale ambapo watu wenye akili zao wangeiweka limekaa tenki la kioo refu kama benchi la kanisa, lina taa, lina pampu ya hewa inayotoa povu kutwa kucha, na ndani mna viumbe visivyokamuliwa wala kuchinjwa. Na angalau angependa wale wenye rangi wanaokatiza juu. Hapana. Roho yake iko kwa vikambare vidogo sita vya rangi ya matope, vyenye madoa, vinavyokaa chini kabisa na vijisharubu vyao mdomoni, vinapapasa mchanga kuanzia asubuhi kama bibi anayetafuta sindano aliyoiangusha. Mzee anavuta kiti, anavitazama saa nzima, ananyamaza. Mimi nikajisemea moyoni, huyu ustaafu umempiga vibaya.

Lakini mwanaume ukitaka binti wa watu unapenda anachopenda baba yake, kwa hiyo siku ya kwanza nilipotambulishwa, baada ya shikamoo, nikaliendea tenki, nikainama, nikatikisa kichwa kama daktari na kusema, "Mzee, samaki mimi nawajua sana." (Samaki niliowajua mimi ni wale wanaolala kwenye sahani na ndimu pembeni.) Mzee akafurahi mpaka akanishika bega. Kimbelembele kile ndicho kilichonifikisha hapa.

Siku ya posa ilipokaribia, mzee na mama wakalazimika kwenda Mwanza kumwona mjukuu aliyezaliwa, na nyumba akabaki nayo shangazi yake Upendo, mama mmoja muuza vitenge ambaye kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Mzee akaniita. "Kijana, umesema samaki unawajua, nakuachia hawa. Usibadilishe kitu. Hawa wa chini chakula chao ni hivi vidonge vinavyozama, uwape jioni ukishazima taa, maana wale wa juu ni walafi. Na mchanga wangu uache kama ulivyo." Nikamjibu, "Mzee, wewe nenda kamwone mjukuu, huku uko na mtaalamu." Mtaalamu! Nikikumbuka neno hilo natamani kujizaba kibao.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtu mzima. Siku ya pili tu nikauangalia ule mchanga, nikaona ni mchanga wa kawaida kabisa wa mtoni, laini, wa kupigia plasta, nikauonea kinyaa. Tenki la fahari namna ile, chini kumetandazwa kitu ambacho mafundi wanamwagiana miguuni! Na kwetu Kijenge, nyuma ya nyumba ninayopanga, pana mwenye kiwanda cha matofali, ana lundo la changarawe nyeusi ya volkano inayochimbwa huku chini ya mlima, nyepesi, ina matundu matundu, ukiimwagia maji inang'aa. Nikapiga hesabu zangu za mjuaji: mlima huu wazungu wanatoka kwao na mabuti kuja kuupanda, leo samaki wa Sekei watayakataa mawe yake? Mzee akirudi akute chini ya tenki lake pamekuwa Mlima Meru mtupu, si atanikabidhi binti palepale? Wala sikujiuliza kwa nini kila mtu mtaani kwetu akipita kwenye lile lundo peku anarukaruka akitukana.

Nikaomba ndoo mbili za changarawe ile, nikaiosha, nikaibeba hadi Sekei. Shangazi alinikuta nimeinama natoa mchanga wa watu kwa bakuli na kuumwaga kwenye migomba, akaegemea mlango na kuuliza, "Baba Upendo alikuambia ubadilishe?"

"Shangazi, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Haya bwana mtaalamu," akasema, akarudi jikoni akicheka peke yake.

Hakyanani, siku hiyo tenki lilipendeza. Nililipiga picha nikaiweka kwenye status, wajinga wenzangu wakanipongeza. Ila vile vikambare havikunishukuru. Vilishuka kupapasa chini kama kawaida yao, vikagusa, vikaruka nyuma, vikagusa tena. Nikavicheka. Nikasema washamba hawa wamezoea matope, watazoea. Na vile vidonge nilikuwa navitupa mchana nikipita haraka (jioni nilikuwa na mpira wa kuangalia), vinatumbukia katikati ya mawe kusikofikika, vinaozea hukohuko, nami najiambia hawa si ndio wafagiaji, wanakula uchafu, uchafu si huo unaongezeka? Maji yakaanza kuwa na ukungu. Halafu nikaona sharubu zimefupika. Nikawaza labda wakikua zinakatika, kama kitovu cha mtoto. Ndiyo, niliwaza hivyo, na nina cheti cha kidato cha sita.

Ilipofika siku ya posa, basi la wazee kutoka Mwanza lilikuwa limeharibika njiani, wakaingia nyumbani asubuhi hiyohiyo wamechoka, kuku wameshawekwa jikoni na wageni wako njiani. Bahati yangu, nikadhani. Nilikuwa nimetangulia mapema, nikazima taa ya tenki na kulifunika lote na vitambaa vya kufuma vya mama, nikamwambia mzee, "Nimewafunika kwa ajili ya vumbi la wageni, Baba." Akanitazama kwa upendo kabisa, akaenda kuoga.

Mshenga wetu alikuwa baba mdogo Loti, kutoka Ngaramtoni, mwanaume ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki. Na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimemnong'oneza siku moja kabla kwamba mzee aliniachia samaki wake, nimewatunza, akipenda aligusie hilo. Aligusie! Tumekaa, wazee wetu upande huu, wakwe upande ule, blanketi la mzee na kitenge cha mama tulivyoleta viko mezani, mimi kwenye stuli karibu na mlango nimenyamaza kama inavyotakiwa, baba mdogo akasimama, akakohoa, akasema tumeona ua kwenye bustani hii, na mengine ya siku zote, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana. Angekaa hapo tu. Lakini wapi!

"Mzee mwenzangu," akasema, "ahadi kila mtu anaweza kutoa. Mimi sikuletei ahadi. Mwangalie kijana huyu kwa samaki wako. Ulimwachia viumbe visivyoweza hata kulia vikiumia, na amevitunza. Anayekutunzia samaki wako namna hii, ndivyo atakavyomtunza binti yako!"

Wazee wetu wakapiga makofi. Mimi jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Mzee alikuwa anatabasamu, akainuka, akasema, "Umenena vizuri sana mshenga. Hebu na wao tuwaone basi, tusiwaache kwenye sherehe." Akavuta kitambaa na kuwasha taa.

Maji yalikuwa rangi ya uji uliotiwa maji mengi. Mawe meusi yameota ukungu mweupe. Na vile vikambare vilikuwa vimejibanza kwenye kona moja, midomo mitupu, myekundu, pale palipokuwa na sharubu pamebaki vijidoti. Kisha kimoja kikapanda juu mbio, kikafyonza hewa, kikashuka. Kikafuata kingine. Baba mdogo, ambaye hakujua anaangalia nini, akauliza kwa furaha zake, "Wale wanafanya nini?"

Sikutakiwa kuongea. Siku ya posa muoaji haongei, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini nikafungua mdomo wangu huu na kusema, "Wanasalimia wageni."

Shangazi, kule mlangoni na sinia la vikombe, akauliza, "Wanasalimia au wanaaga?"

Sebule nzima ikapasuka. Wazee wangu mwenyewe walicheka, mmoja mpaka akamwaga chai kwenye lile blanketi. Mzee peke yake hakucheka. Alikunja mkono wa koti lake la suti, akauzamisha ndani ya tenki, akatoa jiwe moja linatiririka, akampa baba mdogo.

"Mshenga, hebu lipitishe mdomoni. Papasa nalo, kama unatafuta chakula."

Na baba mdogo, kwa kuwa ni mgeni mwenye adabu, akalipitisha. "Aisee!" akaruka, akajishika mdomo. Tulikiona kidoa cha damu.

"Umefanya mara moja," mzee akasema taratibu, ile sauti ya ubaoni. "Hawa wanafanya hivyo tangu asubuhi mpaka usiku, kila siku, kwa sababu ndivyo wanavyokula. Sharubu zile ndizo mkono wao na ndizo pua yao. Ndiyo maana niliwawekea mchanga laini." Akanigeukia. "Mchanga wangu uko wapi?"

"Kwenye migomba, Baba."

Mama Upendo akaguna. Mzee akafuta mkono, akakaa. "Mshenga, umesema anayetunza samaki wangu namna hii ndivyo atakavyomtunza binti yangu. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi, na hoja yako sina pa kuikosoa."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Wakamwita Upendo, kama desturi ilivyo, aulizwe kama wageni hawa anawafahamu. Akaja na gauni lake jipya, akaona taa ya tenki, akasimama. Aliwaangalia wale samaki kwanza, kwa muda mrefu, halafu akaniangalia mimi. Nilidhani nitaona hasira. Nilichoona ni aibu, aibu kwa ajili yangu, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko kicheko chote. "Nawafahamu wote," akasema, "ila huyo aliyekaa kwenye stuli nilidhani namfahamu."

Mzee akatoa jibu. Hakukataa, hakukubali. Alisema mchanga urudi, maji yasafishwe, samaki walishwe inavyotakiwa, na aliyeharibu ndiye afanye. "Sharubu huwa zinaota tena kama hazijakwisha kabisa. Zikiota, za wote, mrudi tuzungumze. Zisipoota, basi." Tukaondoka na blanketi letu lenye chai. Baba mdogo alivimba mdomo akakaa kimya njia nzima, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Basi mnajua kazi yangu tangu siku ile? Nikitoka dukani ninakofanya kazi naenda Sekei. Nimezoa mchanga kwenye migomba, nimeuchekecha, nimeuosha mpaka vidole vikakunjamana. Nabadilisha maji kidogo kidogo, siyo yote kwa mkupuo. Nangoja giza nizime taa, ndipo nadondosha vidonge, na asubuhi kabla ya kazi napita kuondoa mabaki. Shangazi kazi yake kuniwekea kiti na kunicheka. Mwanaume mzima napiga magoti mbele ya kioo nahesabu ndevu za samaki! Kimoja kikaota, vikafuata viwili, baadaye vikawa vitano. Cha sita, kile kidogo kuliko vyote, kikagoma. Kidevu kitupu. Wiki zikapita nikikitukana kimoyomoyo na kukibembeleza kwa mdomo, ndoa yangu imening'inia kwenye kidevu cha mdudu kama kidole gumba. Kila nikimuuliza mzee anavaa miwani, anainama, anasema, "Mh. Bado. Ongeza bidii kijana."

Juzi Jumamosi Upendo alikuja kutoka Babati. Alikuwa ananisemesha tena, kwa mbali. Akachuchumaa karibu nami, akawasha tochi ya simu, akammulika yule wa sita aliyejificha nyuma ya pampu. Sharubu. Mbili. Ndefu tu, za kutosha.

"Lini zimeota hizi?" nikauliza, moyo unanipasuka.

"Zina muda. Baba alimwambia mama tangu mwezi uliopita."

"Sasa mbona ananiambia bado?"

Upendo akaangalia kule mzee alikokaa, na kiti chake, na chai yake, anatazama tenki lililotakata mpaka unaweza kusoma gazeti upande wa pili. "Anasema tangu aanze kufuga samaki hajawahi kupata mtu anayeliosha vizuri hivi. Ukishaoa utaacha."

Ningeweza kusimama pale nikadai haki yangu. Yule mjuaji wa zamani angesimama. Lakini nimeapa, mbele yenu nyote, kwamba nikiwa kwenye nyumba ile sitafungua mdomo wangu tena mpaka nifunguliwe, na mtu akiniuliza kama samaki nawajua, nitamjibu kwamba ninachokijua ni kubeba ndoo.

"Kijana," mzee akaita, bila kugeuka, "yale maji ya kona ile nayaona kama yana ukungu."

"Ndiyo, Baba," nikasema, nikachukua ndoo.