Masizi ya Mama

Juzi, kabla hatujapigwa picha, mjukuu wangu alinipaka poda nyeusi utosini, pale nywele zilipopungua. "Tulia, Shosho. Hakuna atakayejua." Nilitulia, lakini uso uliniwaka kwa aibu ya zamani.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja mpiga picha alikuja kwenye shamba la pareto nje ya Nakuru, mama alikokuwa kibarua. Wanawake walijipanga mbele ya ghala. Mama alichutama mstari wa mbele, akavua kitambaa. Nywele alikuwa amezichana zije mbele, zikinukia mafuta ya mbarika, na utosini niliona masizi ya sufuria.

Nilidhani amejichafua jikoni. Nikatemea mate pindo la gauni langu jeupe, kama alivyozoea kunifuta mimi kila Jumapili, nikamsugua kwa bidii. Chini ya masizi hapakuwa na nywele. Palikuwa na ngozi tupu iliyong'aa, mahali ambapo kamba ya kubebea kuni ilikaa miaka yote.

"Kumbe ana kipara!" mmoja wa wanawake akasema, wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao.

Mama hakunichapa. "Asante, mwanangu," alisema polepole. "Sasa niko safi."

Picha hiyo ninayo bado. Mama amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, anatazama chini. Mimi nimesimama kando yake, natabasamu kwa fahari, pindo la gauni langu likiwa jeusi.